Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Makontena ya Baridi Bandarini Mombasa

Saa 11 alfajiri. Ninaishi Likoni na kazi yangu iko ng'ambo, kwa hiyo siku huanza kwa foleni ya feri. Mimi ni fundi wa makontena ya baridi, yale meupe yenye mashine upande mmoja ambayo sisi wa bandarini huyaita rifa. Huu ni mwezi wa Juni, wakati maparachichi ya aina ya Hass kutoka Murang'a na Kiambu yanateremshwa kwa wingi kuja Mombasa ili yapelekwe Ulaya, na katika miezi kama hii hakuna fundi wa rifa anayeomba likizo.

Saa 1 asubuhi. Zamu ya usiku inanikabidhi orodha ya makontena yaliyochomekwa umeme uwanjani, nami ninaanza kuyapitia moja baada ya jingine. Kwa kila kontena ninaandika joto lililowekwa, joto la hewa inayokwenda kwenye mzigo na joto la hewa inayorudi kwenye mashine. Samaki na pweza waliogandishwa hutakiwa wakae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Maparachichi hukaa kwenye nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, na yakipozwa kupita kiasi nyama yake hugeuka kijivu ilhali ganda linaweza kuonekana zima. Kwa sababu hiyo, kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la alama moja ya kutoa: mtu akibonyeza 5 chini ya sifuri badala ya 5 juu yake, mashine itamtii bila kuuliza.

Kijana tunayemfundisha anakuja mbio kuniambia kwamba rifa moja ya pweza inasoma joto lililopanda. Ninamwonyesha taa iliyowaka: mashine imesimamisha ubaridi kwa muda ili iyeyushe barafu iliyoganda kwenye mabomba yake, na baada ya nusu saa hivi itarudi pale ilipokuwa. Ningeshtuka zaidi kama ingekuwa haiyeyushi kabisa, kwa kuwa mabomba yakizibwa na barafu hewa haipiti, na kontena huweza kupoteza ubaridi huku kila kitu kikinguruma kama kawaida.

Saa 3 asubuhi. Ninakwenda kwenye yadi ya makontena matupu huko Changamwe kwa ukaguzi wa kabla ya safari. Kabla ya kuigusa mashine ninaingia ndani na kuvuta pumzi, maana kontena lililobeba samaki safari iliyopita likisafishwa vibaya hubaki na harufu, na matunda huipokea harufu hiyo kwa urahisi. Kisha mwenzangu ananifungia mlango kwa nje, nami ninasimama gizani nikitafuta mwanga. Ukionekana hata kama ncha ya sindano kwenye mpira wa mlango au kwenye ukuta, kontena hilo linarudi kwa mafundi wa bodi. (Mwenzangu huyo ni yule yule kila siku, kazi hii simpi mtu nisiyemwamini.) Baadaye tunawasha mashine, inapasha na kupoza, na tunahakikisha kwamba inafika nyuzi 18 chini ya sifuri na kwamba vihisi joto vyake vinakubaliana.

Saa 5 asubuhi. Langoni kuna lori kutoka bara lenye rifa ya maparachichi, na jenereta yake inanguruma vizuri. Joto lililowekwa ni nyuzi 5.5, lakini hewa inayorudi inasoma 10.8. Ninamuuliza dereva kama kulikuwa na shida njiani.

"Ilizima kidogo tu, fundi, pale Mtito Andei nilipolala. Nilikuta dizeli imeisha nikaongeza."

Ninaichomeka kompyuta na kusoma kumbukumbu za mashine. Umeme ulikatika saa 22:10 na kurudi saa 03:25. Kumbukumbu hizi huandikwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo ninaongeza saa tatu, kisha ninaigeuza kwa saa zetu: kuanzia saa 7 na dakika 10 usiku hadi saa 12 na dakika 25 asubuhi. Ni saa tano na robo. Simlaumu sana dereva, kwani mtu aliyeendesha lori mpaka usiku wa manane ana haki ya kulala, lakini katika ripoti siwezi kuandika neno "kidogo".

Hapa ndipo watu wengi, hata waliozoea biashara hii, hukosea. Wanadhani kwamba mzigo ukipata joto hautadhurika, kwa kuwa rifa itaupoza tena ukiwa safarini. Rifa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imetengenezwa kutunza ubaridi ambao mzigo ulikuja nao kutoka kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha kufungashia. Hewa baridi hutoka chini ya mashine, hupita kwenye mifereji ya sakafu, hupanda kupitia matundu ya maboksi na kurudi juu karibu na dari. Ndiyo maana ukutani kuna mstari mwekundu ambao maboksi hayatakiwi kuuvuka. Mkondo huo unatosha kuondoa joto linalopenya ukutani pamoja na lile ambalo matunda yenyewe hutoa, kwa maana tunda lililochumwa bado linapumua. Kuteremsha joto la tani zaidi ya 20 zilizofungwa kwenye paleti ni jambo jingine. Maboksi ya pembeni yatapoa leo, ya katikati yatachukua siku kadhaa, na muda wote huo matunda yatakuwa yanaelekea kuiva.

Kufungua tuone nako hakuwezekani hivi hivi. Mlango una lakiri, na mzigo umekwisha kukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na kupewa cheti cha afya ya mimea. Isitoshe, hii ni rifa ya hewa iliyodhibitiwa: ndani, oksijeni hushushwa hadi asilimia 4 hivi ili matunda yapumue polepole, ilhali hewa tunayoivuta sisi ina asilimia 21. Mtu akiingia kabla kontena halijapigwa hewa anaweza kuanguka asiinuke. Tunalichomeka umeme uwanjani, ninaandika ripoti, ninaambatisha kumbukumbu na kumpigia wakala wa forodha.

Saa 7 mchana. Wali kwa maharagwe, kwa haraka. Kijana anauliza kwa nini tunahangaika hivyo kwa nyuzi tano, nami ninamweleza habari ya njia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli ziliposhambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilianza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez, na safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka kwa zaidi ya wiki moja. Ananiambia kwamba hizo ni siku nyingi mno kwa chakula. Ninamwambia kwamba mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilibeba nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London kwa siku 98. Anakubali, kisha anauliza kama ilibeba parachichi.

Saa 9 alasiri. Mwenye mzigo ananipigia mwenyewe. Ni mama wa makamo kwa sauti yake, mpole.

"Mwanangu, niambie ukweli. Yatafika?"

"Mama, siwezi kukuahidi. Hewa inayorudi sasa inasoma 9.2, lakini hiyo ni hewa tu. Katikati ya paleti sijui, na sitajua mpaka mlango ufunguliwe na kipimajoto kiingizwe kwenye tunda lenyewe."

Ananyamaza kidogo. Meli inapokea makontena mpaka saa 12 jioni, na akiikosa itamlazimu kungoja nyingine wiki ijayo huku gharama za umeme na za uwanja zikihesabiwa. Kwa upande wa pili, mzigo ukifika umeiva atalipia nauli ya bahari yote na pengine gharama za kuutupa. Si kazi yangu kumshauri mfanyabiashara, na sikumshauri, ingawa nilijua mimi ningefanya nini.

Saa 11 jioni. Kreni zinaendelea kupakia. Kwa kila rifa inayokwenda melini tunazima swichi kwanza ndipo tunachomoa plagi, maana umeme wake ni wa zaidi ya volti 400, na nimeona mkono wa mtu aliyefanya haraka. Kuanzia hapo kontena halina umeme mpaka fundi wa meli alichomeke, kwa hiyo tunachomoa machache machache kwa kasi ya kreni.

Saa 12 kasoro robo. Wakala anapiga simu. Mama ameamua kontena lake lisipande; ameomba lifunguliwe kesho mbele ya maofisa wa forodha na wa KEPHIS. Hewa inayorudi inasoma 8.6. Ninaliandika kwenye orodha ya zamu ya usiku, nikiomba lisomwe kila baada ya saa mbili, kisha ninaweka kipimajoto kwenye mkoba wangu. Natakiwa niwe pale saa 2 asubuhi, na kabla ya hapo niwe nimeipitia orodha ya makontena, kwa hiyo itabidi nipande feri ya mapema zaidi.