Linuse jiwe kabla hujalipenda

Jiwe hai la kwanza nililochagua kwa ajili ya tangi langu la samaki wa maji chumvi nililipenda kwa rangi. Lilikuwa la zambarau karibu lote, na ubavuni lilikuwa na doa la waridi, laini na linalong'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Muuzaji alilitoa kwenye beseni, akalizungushia gazeti lililoloweshwa, akalitia mfukoni, nami nikalipakata njia nzima. Lilikuwa la kilo nne na ushei, zito mno kwa ukubwa wake. Sikujiuliza kwa nini. Wala sikulinusa.

Siku ya tatu chumba kizima kilikuwa kinanuka yai viza. Samaki wawili niliokuwa nimewatia siku ileile walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi, mashavu yakifunguka na kufungika mbiombio. Nikapima amonia, sumu itokanayo na mikojo na vitu vinavyooza, kwa kile kipimo cha matone, maji ndani ya kichupa yakageuka kijani kilichokolea papo hapo, kabla hata dakika za kusubiri hazijaisha. Nilibadilisha nusu ya maji usiku ule. Asubuhi wote wawili walikuwa wamelala juu ya mchanga. Wale samaki walikufa kwa pupa yangu, na ndiyo maana naandika habari hii kwa urefu, kwa ajili ya yeyote anayesimama mbele ya beseni la mawe kwa mara ya kwanza na macho yake yameshaanza kuvutwa na lile jiwe zuri kuliko yote.

Kwanza jina lenyewe. Tunasema jiwe hai, lakini jiwe halina uhai. Ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, chokaa tupu, iliyotobolewa na sifongo, minyoo na vichaza miaka nenda miaka rudi hadi ikawa na vyumba ndani kama mzinga wa nyuki. Walio hai ni wapangaji. Kwenye ngozi ya jiwe, ambako oksijeni ipo tele, wanakaa bakteria wanaogeuza amonia ya mikojo na mabaki ya chakula kuwa naitriti, na wengine wanaogeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haina ukali ule. Ndani zaidi, ambako maji hupenya kwa taabu na oksijeni imeshaliwa njiani, wanakaa wengine wanaoivunja naitreti hadi ikawa gesi ya naitrojeni, ikapotelea hewani. Kwa hiyo unapochagua mawe hujachagua mapambo. Umechagua chujio, na chujio lenyewe liko ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mapema miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaonyesha wafugaji wenzake tangi lililotegemea maji ya bahari, mawe yenye wakazi wake, mwanga wa jua na viputo vya hewa, na matumbawe yakaishi humo. Wafugaji wa Berlin wakaja kuongeza taa kali na skima ya kutoa uchafu kwa povu, na mpaka leo ukisikia mtu anataja njia ya Berlin, anazungumzia mawe hai mengi na skima nzuri.

Siku hizi nikienda kuchagua, naanza na mikono. Naomba ruhusa, nanawa, kisha nashika mawe mawili yanayolingana ukubwa, moja kila mkono. Lililo jepesi ndilo ninalolitaka. Nikilinyanyua juu ya beseni nalisikiliza pia: jiwe zito lisilo na matundu humwaga maji mara moja likanyamaza. Jiwe zuri huendelea kutiririka. Maji hutoka kwenye tundu hili, yakakoma, yakaanza kutoka kwenye jingine upande wa pili, na ukiligeuza linaanza upya. Maji yote hayo yalikuwa mahali fulani ndani yake, na popote yanapopita ndipo bakteria wanapopata makazi. Halafu mawe huuzwa kwa kilo, basi ukichukua zito unalipia chokaa tupu.

Utaambiwa kanuni ya kilo moja, au moja na robo hivi, kwa kila lita kumi za tangi. Ichukue kama pa kuanzia, usiifanye sheria. Tangi langu ni la lita 120 na lina kilo kumi na moja tu, kwa kuwa mawe yenyewe ni mepesi na yametoboka vizuri. Ningejaza kilo zote zile za kanuni, samaki wasingekuwa na pa kuogelea na maji yasingezunguka nyuma ya mawe.

Baada ya mikono ni pua, na hapa sioni aibu kabisa. Nalisogeza jiwe hadi karibu na uso na kuvuta pumzi kwenye tundu lake kubwa kuliko yote. Jiwe lililo tayari hunukia bahari iliyokupwa: chumvi, mwani uliolowa, kidogo tope. Jiwe lenye mizoga ndani hunuka yai viza au samaki aliyelala, na harufu hiyo haifichiki hata likiwa limesuguliwa likang'aa. Kisha natafuta kwa macho: utando mweupe unaoteleza kama kamasi, sifongo iliyogeuka kijivu na kuanza kuyeyuka, sehemu nyeusi chini. Vyote hivyo ni vitu vinavyooza.

Na kuna swali moja ambalo ningetamani ningeliuliza siku ile. Mara ya pili, kwa muuzaji mwingine, niliuliza kabla ya kugusa chochote.

"Kaka, haya yamefika lini?"

"Haya ya mbele jana, dada. Mazuri, bado yana rangi yake."

"Na yale ya kule nyuma?"

"Yale yana mwezi na nusu humo ndani. Lakini hayapendezi."

Yalikuwa ya kahawia, na madoa machache ya zambarau iliyofifia. Nilichukua ya nyuma. Jiwe likisafirishwa nje ya maji, likiwa limefungwa tu kwenye gazeti bichi, sehemu kubwa ya wakazi wake hufa njiani, na kufa kwao ndiko kunakoleta amonia. Wiki sita ndani ya maji ya muuzaji maana yake maiti wameshaoza na kuondoka, na bakteria wameshaongezeka wakatosha.

Hata hivyo nikifika nayo nyumbani siyatii kwenye tangi moja kwa moja. Naweka pipa la plastiki lisilowahi kutiwa sabuni, maji ya chumvi yanayosoma 1.025 kwenye kipima chumvi, hita kwenye nyuzi 25 au 26, na pampu ya kusukuma maji kwa nguvu. Taa sitii, kwa sababu mwanga huu utalisha mwani tu. Yanayooza nayasugua kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji chumvi, kamwe si maji baridi ya bombani, maana maji yasiyo na chumvi huua hao hao ninaowatafuta. Maji nabadilisha kila wiki, na mara mbili kwa wiki kama yananuka. Napima amonia na naitriti mpaka zote mbili zikae kwenye sifuri siku kadhaa mfululizo. Kwa mawe mazuri ni wiki moja au mbili. Lile jiwe langu la kwanza lilichukua wiki saba.

Wakati huohuo wa pipa ndipo unapowajua wapangaji wako, na huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote. Wengi hutoka usiku. Nasubiri saa moja hivi giza liingie sawasawa, nafunika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki, nachuchumaa kando ya pipa. Kwanza huoni kitu. Kisha kwenye ufa mmoja mkono mwembamba wenye vimiiba unachomoza, unapapasa, unajikunja na chembe ya chakula, unarudi ndani. Huyo ni ndugu mdogo wa kiti cha pweza, na akae. Vidudu vidogo kama viroboto vinaruka kutoka tundu hadi tundu, hivyo ni chakula cha samaki na wasafishaji wa bure. Mnyoo wa kwenye mrija anafungua kiunyoya chake, na ukitikisa pipa kidogo tu anakivuta ndani kwa ghafla. Minyoo ya waridi yenye vijinywele vyeupe ubavuni watu wengi huiogopa. Vijinywele vyake vinachoma kweli, kwa hiyo vaa glavu, lakini iliyo midogo inakula mabaki na naiacha.

Wako nisiowaacha. Aiptasia ni anemoni mdogo wa kahawia, ambaye mwanga hupita mwilini mwake, mwenye mikono mirefu inayochoma matumbawe jirani. Mmoja leo, baada ya miezi ni thelathini. Usimkate wala kumponda, maana kila kipande kinachobaki kinaweza kuota kiumbe kipya. Mimi humjaza mdomoni rojo ya chokaa kwa sindano wakati bado yuko pipani, ambako ni rahisi kumfikia. Mwani wa viputo vya kijani navitoa kimoja kimoja bila kuvipasua. Kaa wenye manyoya mengi na koleo zenye ncha nyeusi nawatoa wote.

Usiku wa nne wa mawe yale ya nyuma nilisikia mlio pipani. Ta! Kimya. Ta! Kama mtu anayegonga kioo kwa ukucha. Kuna kamba wa aina mbili wenye tabia hiyo: yule anayealisha koleo lake, ambaye hana neno na samaki wengi, na yule mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa kama ya vunjajungu, anayepiga kwa nguvu ya kuvunja konokono. Sikutaka kubahatisha. Niliyanyanyua mawe moja moja hadi nikabaki na lililokuwa likilia, nikaliweka juu ya ndoo, nikamimina maji yenye gesi kwenye tundu lake kwa sindano. Alitoka kinyumenyume, kijani kama chupa, urefu wa kidole changu cha mwisho, macho yake juu ya vijiti yakigeuka kila moja upande wake. Alikuwa yule wa pili. Nimempa tangi lake dogo na anaishi mpaka leo.

Ukiniuliza leo, tangi la kwanza nisingelijaza mawe hai matupu. Ningechukua mawe makavu kwa sehemu kubwa, kisha mawili matatu hai yaliyokwisha kukaa majini, ili wakazi wahamie. Makavu hayaji na aiptasia wala kaa, unaweza kuyavunja na kuyagundisha bila haraka, na bahari haipungukiwi. Hili la mwisho nalichukulia kwa uzito. Mawe haya ni nyumba za viumbe huko yanakotoka. Kufikia 1997 uvunaji wa mawe ya asili katika bahari ya Florida ulikuwa umepigwa marufuku, na wakulima wa huko hushusha mawe yao wenyewe chini ya bahari na kuyarudia baada ya muda. Biashara ya kimataifa ya mawe hai iko chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo muuzaji anayeshindwa kusema yake yametoka wapi mimi simnunulii. Kujiokotea ufukweni nako, mahali pengi ni kosa kisheria.

Makavu yana ubaya wake, na anayekuficha hakutendei haki. Mengine yamebeba fosfeti, yanaiachia majini pole pole, na mwani wa nywele unasherehekea. Yaloweke kwanza kwenye maji yaliyochujwa, ubadilishe, upime. Pia bakteria watachelewa: ukiwalisha amonia kidogo kidogo, tarajia wiki nne hadi sita kabla tangi halijaweza kumaliza miligramu mbili za amonia kwa lita ndani ya siku moja, na naitriti nayo iwe sifuri. Halafu miezi kadhaa ya utando wa kahawia juu ya kila kitu. Utapita.

Kuhusu kupanga nitasema machache. Chora sakafu ya tangi lako juu ya boksi, yapange hapo kabla hujalowa mikono. Mawe ya chini yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga uje baadaye, la sivyo samaki mchimbaji atayaangusha. Acha upana wa kiganja kati ya mawe na kioo cha mbele ili upate pa kusafisha.

Lile jiwe langu la zambarau bado ninalo. Wiki saba za giza pipani zilikula rangi yote likatoka jeupe, na kwa kuwa ni zito nikalifanya msingi, nyuma kushoto, ambako halionekani sana. Rangi ile ni mwani wa chokaa tu, na huja wenyewe kalisi na chumvi zikiwa sawa. Jumapili nikisafisha kioo cha pembeni niliona madoa matatu kwenye ubavu wake, kila moja dogo kuliko punje ya dengu, na konokono amepita katikati yake bila kuyagusa.