Kiporo cha Desemba

Usiku ule nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili tu kutoka chuo nilichoomba. Wakisema ndiyo, nikimbilie chumbani kwa mama. Wakisema hapana, nizime simu nilale. Ukurasa ukafunguka: aya tatu zilizojaa adabu, na katikati yake jambo ambalo sikuwa nimelitengea nafasi. Uamuzi kuhusu maombi yangu umeahirishwa.

"Kwa hiyo wamekukataa?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi wamekukubali."

"Hapana."

Akanitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili na hana mji wa kutoa.

Wapenzi wa soka wangeelewa haraka: maombi yangu ni mechi ya kiporo, iliyoahirishwa ichezwe baadaye. Niliomba kwa ule utaratibu wa uamuzi wa mapema ambao vyuo vingi vya Marekani vinautumia. Unapeleka maombi mwanzoni mwa Novemba, unaahidi kwamba wakikukubali utakwenda kwao, na majibu unayapata katikati ya Desemba. Ukiahirishwa, faili lako linahamia kwa waombaji wa kawaida, linasomwa tena pamoja na yao, na jibu linakuja kwenye Machi hivi. Orodha ya akiba, ya kusubiri nafasi ikibaki, ni kitu kingine. Hiyo hutumika baada ya kila mtu kupewa jibu. Halafu ukiahirishwa, ile ahadi nayo inafutika, yaani wakinikubali Machi, nina uhuru wa kwenda kwingine. Hili la uhuru nililing'amua siku ya tatu, nilipochoka kulia.

Kilichoniumiza zaidi ni uzembe wangu mwenyewe. Vyuo vingine kwenye orodha yangu vilikuwa vinafunga maombi tarehe 1 Januari, na insha zao sikuwa nimezigusa. Nilikuwa na uhakika hazitahitajika! Wiki mbili za likizo zikaishia hapo, nikila na kuandika.

Kulikuwa pia na mlango wa kuomba uamuzi wa mapema wa awamu ya pili kwenye chuo kingine, jibu Februari. Mama akaufunga. Ukikubaliwa kwa njia hiyo unaondoa maombi yako kwingine kote, na yeye anataka kuona barua za msaada wa fedha zikiwa zimepangwa mezani, azilinganishe. Sikubishana naye. Ada italipwa naye, si na mimi.

Ikabaki barua ya kukiambia chuo kilichoniahirisha kwamba bado nakitaka. Chuo kiliruhusu ukurasa mmoja, kupitia akaunti yangu ya maombi, na kilisema wazi kwamba hakitaki barua zaidi za mapendekezo. (Vipo vyuo visivyotaka nyongeza yoyote, kwa hiyo soma maelekezo mpaka mwisho kabla hujawatumia kitu.) Nikaandika kurasa mbili na nusu. Nikampa dada asome.

Alisoma huku akitafuna mfuniko wa kalamu. Kisha akasema, "Hii ni barua ya posa."

"Kivipi?"

"Umewaambia unawapenda mara nne. Wanajua unawapenda, uliahidi kwenda kwao. Tangu Novemba umefanya nini?"

Nikaona haya, maana nilidhani sijafanya kitu. Tukakaa tukahesabu. Alama ya fizikia imepanda kutoka B hadi A. Programu niliyoitengenezea maktaba ya shule, ambayo kwenye maombi niliiita "inaendelea kujengwa", sasa inafanya kazi: katika vitabu 63 vilivyokuwa havijulikani viliko, 19 vimerudi. Kimoja kilikuwa kabatini kwa mwalimu aliyekuwa akikilalamikia kuliko wote. Dada akacheka, akasema hicho kiingie. Kikaingia.

Barua ya mwisho ilikuwa na aya nne. Sentensi moja inasema wakinikubali nitakwenda, na niliiandika baada ya kumuuliza mama kama naruhusiwa. Akasema ndiyo, kama hesabu ya fedha itakubali, basi na hilo nikaliandika vilevile. Hakuna mahali nimesema wamekosea kuniahirisha, ingawa rasimu ya kwanza ilikuwa na aya nzima ya hayo.

Niliituma jana saa mbili usiku. Leo nimeshafungua akaunti mara sita, kana kwamba kuna mtu anaisoma usiku na mchana.

Mshauri wa shule ataituma ripoti ya nusu mwaka muhula ukifungwa, ikiwa na alama zote. Jumatatu tuna jaribio la fizikia, mada ya mawimbi, na ile A bado haijatulia.