Chembe saba tu
Leo nimeinamia hadubini tangu asubuhi hadi macho yakaniuma, hapa Entebbe, nikitafuta chembe za vitriniti kwenye kipande cha mwamba wa tope kutoka Bonde la Albert, magharibi mwa Uganda. Vitriniti ni mabaki ya miti ya kale. Kadiri mwamba ulivyopikwa na joto la ardhini, ndivyo chembe hizo zinavyoakisi mwanga zaidi. Uakisi ukifika takriban asilimia 0.6, mwamba umeanza kutoa mafuta, ukipita 1.3, iliyobaki ni gesi.

Shida ni kwamba tope la ziwani lina mwani mwingi, miti kidogo. Kwa saa tatu nzima nimepata chembe saba! Hazitoshi, na siwezi kuandika namba nisiyoiamini. Kesho nitachoma unga wa sampuli hiyohiyo kwenye tanuri nione kilele cha joto, yaani joto ambalo mwamba unatoa mafuta na gesi kwa wingi zaidi. Nyuzi 435 hivi za Selsiasi ndio mwanzo wa kuiva, yaani mwamba kuanza kutoa mafuta.

Nilipofika Kibiro, kijiji kando ya Ziwa Albert, mara ya kwanza, nikaona mafuta yakichuruzika yenyewe jirani na mashamba ya chumvi ya akina mama, nilinyamaza kabisa. Kuna mwamba ulioiva huko chini. Nataka kuujua.