Kura ya mwenye ulemavu inaanzia siku ya kujiandikisha

Kila uchaguzi huwa kuna ile picha ya bibi kabebwa mgongoni anaingizwa kituoni, inazunguka kwenye magrupu ya wasap watu wanaandika hongera bibi, mzalendo wa kweli. Mimi ile picha inaniuma. Mbona abebwe? Kituo kilijulikana miezi kibao kabla, ngazi zipo hapo miaka yote, na bibi mwenyewe kila mtu kijijini anamfahamu.

Ishu ni kwamba sisi Tanzania unapiga kura kwenye kituo ambacho jina lako lipo, na jina lako lipo pale ulipojiandikisha. Huwezi kuamka siku ya kura useme leo miguu inauma ntaenda kile cha bondeni. Kwahiyo ile wiki ya uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ndio inaamua kila kitu, na wiki yenyewe ni fupi. Awamu iliyoanza Kigoma Julai 2024 ilikuwa siku saba tu kwa mkoa afu mashine za kuandikisha zinahamia kwingine, sasa huku kwetu Kilolo, mkoani Iringa, ambako nyumba moja ipo huku nyingine mlima wa pili, mvua ikinyesha hata bodaboda anakugomea, mtu wa magongo siku saba zinampita hivihivi anaangalia.

Mama mdogo wangu anatumia kiti mwendo. Kituo chetu kilikuwa darasani, ngazi tatu za zege na mlango mwembamba. Vijana walitaka kumnyanyua na kiti chake akakataa, akasema yeye sio gunia la viazi, mwiteni mwandikishaji. Akaja kijana wa watu, akasikiliza, akatoa mashine ya BVR, ile ya kuandikisha kwa picha na alama za vidole, mpaka barazani, akampiga picha hapohapo, vidole, saini, kadi ikatoka. Wala haikuchukua muda! Lakini mama mdogo hakuishia hapo, akauliza na siku ya kura je, maana kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, na sanduku haviji barazani. Hapo ndio mazungumzo yakaanza ya kutengeneza mteremko, na huku kwetu mbao na mabanzi ndio kitu cha mwisho kukosa, fundi mmoja na misumari yake asubuhi moja kazi imeisha. Alichokifanya mama mdogo ni kuuliza mapema basi, na nawaambia angenyamaza angebebwa.

Wengine tunawasahau kabisa kwasababu hawatumii kiti wala fimbo. Wazee waliolima maisha yao yote vidole vimelika, mashine inagoma kusoma alama za vidole, mzee anaona aibu anageuka kurudi nyumbani. Asiondoke jamani! Akae amwambie mwandikishaji, vidole vipo kumi, vifutwe vijaribiwe taratibu. Wenye ualbino nao kuwapanga foleni juani ni kuwaumiza ngozi, na maandishi yale madogo wengi wanayaona kwa shida. Utaratibu wenyewe unasema wenye ulemavu, wazee, wajawazito na wanaonyonyesha wapewe kipaumbele, kwahiyo anayepita mbele sio kwamba anapendelewa, acheni kuguna.

Kwa wasioona kuna kile kifaa chenye nukta nundu, karatasi ya kura inaingizwa ndani yake mtu anapapasa anaweka alama mwenyewe. Kizuri sana, ila mzee aliyepoteza macho akiwa na miaka sitini hajawahi kufundishwa nukta nundu, huyo anahitaji mtu. Na hapa naomba watu wasikie vizuri, msaidizi anachagua YEYE mpiga kura, mtu anayemwamini, mjukuu au jirani. Msimamizi wa kituo haruhusiwi kuwa msaidizi, wakala wa chama ndio kabisa. Mkikuta wakala anamshika babu mkono anampeleka kwenye kituturi semeni palepale, kura ya babu ni siri kama ya kwako.

Viziwi je? Nenda pale Neema Crafts Iringa mjini, wahudumu wa mkahawa wengi ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi chakula kinakuja, hakuna anayepata shida. Kituo cha kura kinashindwa nini kuwa na daftari na kalamu mezani, na mtu mmoja anayejua lugha ya alama, angalau salamu na jina?

Kingine kinachochanganya watu ni hizi orodha mbili. Uchaguzi wa serikali za mitaa kama ule wa Novemba 27, 2024 unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake, unajiandikisha kwenye mtaa au kitongoji chako. Daftari la Kudumu ni la Tume ya Uchaguzi, la kuchagua rais, wabunge na madiwani. Mama mdogo ana kadi ya Tume safi kabisa lakini kwa mwenyekiti wa kitongoji ilibidi aandikishwe upya, kwahiyo kama unamsaidia mzee wako usione kadi ukadhani mmemaliza.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Ajenda ya vituo mpelekeni mtendaji mapema, aiandike kwenye muhtasari, na mwenye ulemavu mwenyewe awepo aonyeshe ngazi ipi inamshinda, sio sisi tumsemee.