Tunabandua simiti kabla ya masika

Jana tangu alasiri mpaka karibu na magharibi nilikuwa juu ya ngazi nagonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo, chumba cha ndani zipo 23, na mama kakaa chini mkekani ananihesabia. Boriti nzima ukiigonga inakujibu kavu, ko, mkono wenyewe unasikia. Iliyooza inajibu bu, halafu vumbi laini linakudondokea machoni. 21 zimejibu vizuri alhamdulillahi. Mbili za upande wa kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, pale kichwani zinapoingia ukutani, zimelainika mpaka kidole kinazama.

Na sababu tunaijua, ndio maana naandika leo, kwa sababu naona majirani wawili watatu wanataka kufanya kosa lile lile letu mwezi huu huu.

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ni ya bibi, nyumba ya mawe kama unavozijua za Lamu, matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, kuta nene hata dirishani mtu anakaa na miguu yake juu. Miaka mitatu nyuma ukuta wa kiwanda ulianza kumwaga unga chini, kila asubuhi unafagia na kesho upo tena, basi tukaita fundi akatwambia chokaa ni kazi ya zamani inakula siku bure, pigeni simiti mara moja mmalize. Tukapiga. Wallahi ulipendeza, laini, siku mbili umekauka, wageni wakiingia wanausifu. Masika ya kwanza hapakuwa na neno. Masika ya pili ukaanza kutoa jasho, sio kule nje, huku ndani chumbani, mito ya kitanda inanuka ukungu, rangi ikavimba malengelenge, na ukiyatumbua ndani mna chumvi nyeupe kama ya mezani. Mwaka huu nikigonga ile plasta inalia debe tupu kutoka chini mpaka usawa wa kifua.

Safari hii tukamtafuta mzee mmoja aliyezijengea nyumba hizi maisha yake yote, mimi namwita ami kwa heshima tu. Hakugonga kitu. Aliweka kiganja ukutani, akakaa nacho kidogo, akasema "mwanangu, ukuta huu mmeuvisha nailoni."

Alivotueleza ni hivi. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya mvua na linanyonya maji ya ardhini pia, na huku kwetu maji hayo yana chumvi. Hilo halina tabu, nyumba zilijengwa zikijua hivo. Chokaa nayo inapitisha hewa, kwa hiyo unyevu unaoingia masika unatoka wenyewe taratibu kaskazi ikivuma, na kinachoharibika ni plasta ya juu tu, ile inayomwaga unga, unaipara na kuipaka upya. Yaani ule unga tuliokuwa tunaufagia na kuulaani ndio ulikuwa unaikinga nyumba! Ukiweka simiti umefunga mlango, maji yapo ndani, hayana pa kutokea nje, yanapanda juu na kutokea chumbani, na yakikuta kichwa cha boriti kimejificha ukutani yanatulia hapo. Mkoko ni mti mgumu sana lakini ukikaa rojorojo kwenye giza mwaka hadi mwaka utaoza tu.

Basi tumeibandua yote, kwa tindo na kwa subira, maana ukipiga kwa hasira jiwe la chini linatoka na simiti yake. Siku nne. Punda wa jirani amebeba kifusi mpaka nimemwonea huruma. Halafu ukuta tumeuacha uchi wiki tatu ukapigwa na upepo, na hii wiki tatu watu hawaitaki, wanaona aibu nyumba kukaa hivo, lakini ukipaka juu ya ukuta mbichi umerudi pale pale.

Mchanga ami aliuonja. Ndio, aliutia mdomoni. Wa kwanza tulioletewa akautema, wa pwani huo, una chumvi, akaurudisha wote. Chokaa yenyewe ilikuwa imelowekwa shimoni tangu Disemba, imekuwa laini kama samli iliyoganda, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, inapigwa na kupigwa, na inapakwa nyembamba nyembamba, safu hii ikishika ndio ije nyingine. Kitu ambacho sikukijua kabisa ni kwamba chokaa haitakiwi kukauka haraka. Inaganda kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe tena, na inahitaji unyevu ikifanya hivo, jua la kaskazi likiiwahi inapasuka yote. Kwa hiyo tumetundika magunia mabichi juu yake na mama kila baada ya swala anayanyunyizia maji. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na watu wanakuja kutoka mbali kuzipiga picha hizi kuta, sisi wenyewe ndio tuwe wa kuzifunga pumzi, hapana.

Binamu yangu yuko Uingereza, ameniambia na wao mwezi huu wako mbioni, baridi inaondoka, wanafungua madirisha, wanasafisha mifereji ya paa, wanatazama vigae vilivyohamishwa na upepo. Nikamwambia wewe unaitoa nyumba kwenye baridi, mimi naiingiza kwenye mvua, Aprili inaanza, Mei ndio yenyewe, lakini mifereji ni ile ile. Na kweli mlizamu wa kwanza, ule mfereji wa kutolea maji paani, nimeutolea kiganja kizima cha majani na nyoya na mpira wa watoto uliopotea tangu Ramadhani. Ule mlizamu ukiziba paa la sakafu linakuwa birika. Tulimwaga ndoo sita juu tukatazama maji yanaelekea wapi, yanapotuama tumeweka alama ya makaa, hapo ndio patazibwa. Makuti nayo ni rahisi, kaa chini yake saa sita mchana utazame juu, kila nyota ya jua unayoiona ni tone la masika. Nilihesabu nyota tisa, tumeshazipachika makuti mapya.

Na tafadhali mkimaliza paa msisahau maji ya ndani. Wa umri wangu tunaukumbuka mwaka 2004, chikungunya, ile homa inayoletwa na mbu, ilivoingia Lamu watu wakawa wanatembea wameinama kwa viungo, nyumba nzima imelala. Na haukuwa mwaka wa mvua, ulikuwa ukame, mbu walizaliana kwenye maji tuliyoyahifadhi majumbani wenyewe. Wazee walikuwa wanaweka visamaki kwenye birika la chooni ili viluwiluwi vya mbu viliwe, birika letu lilibaki bila samaki miaka sijui mingapi, nimelisugua, nimetia wanne. Mapipa yana vifuniko.

Boriti mbili zimepatikana, za mkoko, zilizokatwa kwa kibali, na hilo niliuliza kabla sijauliza bei kwa sababu misitu hii yetu ikiisha hakuna mwingine wa kuezeka nao. Jumamosi inshallah zinaletwa, dari litashikiliwa kwa nguzo za muda, ami atazitoa zile mbovu na vichwa vya mpya vitaachiwa nafasi ya hewa ukutani badala ya kukandikwa mpaka mwisho.

Leo alfajiri upepo ulikuwa umekata kabisa, bahari kimya, hata mapazia hayakutikisika. Kaskazi inaaga. Mama ananiita, magunia yamekauka upande wa juu hafiki, na mlizamu wa pili bado sijaugusa.