Nyama Iliyotukusanya Jikoni

Wikiendi ninayoikumbuka kwa shukrani kubwa kuliko nyingine zote ni ile ya mwisho wa Oktoba, katika majira ya kupukutika kwa majani, tulipokutana sote nyumbani kwa wazazi pasipo harusi wala msiba wa kutuita. Mama alikuwa ametupigia simu mmoja baada ya mwingine, akasema tu kwamba anataka kutupikia.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi kavu, na miti ya uani ilikuwa imegeuka manjano na nyekundu. Mpwa wangu mdogo alimwuliza babu yake ni nani aliyeyapaka majani rangi. Baba, ambaye alifundisha sayansi hadi alipostaafu, alimweleza kwamba manjano ile ilikuwamo majanini tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kijani cha klorofili. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili, na kijani kikishatoweka, manjano hujitokeza. Nyekundu, alisema, ndiyo ambayo jani huitengeneza upya msimu huo. Mtoto alirudi ndani na majani mikono miwili, akayapanga mezani kwa rangi zake, nasi tukayaacha hapohapo mpaka chakula kilipoandaliwa.

Mama alikuwa amechagua nyama ya muundi, yenye kano nyingi, ambayo watu wengi huipita kwa sababu ya ugumu wake. Aliikaanga vipande vichache kwa wakati mmoja hadi vikawa vya kahawia, kwani vikijazana sufuriani hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kisha akatia vitunguu, karoti na maji, akapunguza moto hadi mchuzi ukawa unatokota kwa mbali, akafunika. Nyama ya namna hiyo haiharakishwi, kwa kuwa kolajeni, ile protini ngumu ya kano, hugeuka taratibu kuwa jelatini laini inayoupa mchuzi uzito, na moto mkali huikausha tu nyama. Ilituchukua zaidi ya saa 3 kusubiri, na mimi naamini kwamba kusubiri huko ndiko kulikotupa siku yenyewe. Chakula cha haraka kina nafasi yake, lakini hakimpi mtu sababu ya kukaa.

Hakuna aliyeondoka jikoni. Dada alikanda unga wa mkate, na kwa kuwa baridi huichelewesha hamira, aliweka kinyunga karibu na jiko kikaumuka. Shemeji alikata boga vipande vinene, akavioka kwenye oveni hadi kingo zikaungua kidogo, maji yakapungua na utamu ukakolea. Kaka na baba walikaa upande mmoja wa meza wakimenya matufaha, wakiyakamulia limau yasigeuke rangi. Hapo ndipo kaka alipomweleza baba kwamba ameamua kuacha kazi yake na kuanza nyingine yenye mshahara mdogo. Baba ni mwepisi wa kutoa ushauri, na sote tulinyamaza tukiungoja. Aliendelea kumenya, akauliza maswali mawili matatu kuhusu kazi hiyo mpya, akasikiliza majibu hadi mwisho, kisha akasema kwamba anaelewa. Sijui kama mazungumzo hayo yangewezekana kwa simu, au sebuleni watu wakiwa wamekaa wakitazamana.

Tulikula jioni. Nyama ilikuwa laini kiasi cha kukatika kwa kijiko, na mchuzi ulikuwa mzito bila kutiwa unga. Mkate ulikwisha kabla ya boga, na matufaha yaliyopikwa kwa siagi na mdalasini tuliyala yakiwa moto. Usiku huo saa zilirudishwa nyuma kwa saa 1, kama ifanywavyo katika nchi kadhaa majira hayo, na ile saa ya ziada tuliimalizia palepale mezani, tukimsikiliza mama akisimulia jinsi alivyojifunza kupika akiwa msichana.

Jumapili mchuzi uliosalia ulikuwa umeganda kwa baridi. Mama aliupasha moto, na kwa maoni yangu ulikuwa mtamu kuliko jana yake. Tulipokuwa tukifunga mizigo, kaka alitangaza kwamba mwaka unaofuata atapika yeye, nyama hiyohiyo, wikiendi hiyohiyo. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba kwenda buchani kuichagua kubaki kuwa kazi yake.