Papai la mishkaki lilivyonifunza kingamwili

Mchoro wa kingamwili, ile protini ya damu inayonasa vijidudu, niliukariri mara tatu, mara tatu ukanitoka. Nasomea maabara hapa Mombasa, na kwenye jaribio la kwanza niliandika "ina umbo la panda ya manati", nikakomea hapo. Nilipata alama moja, na hata hiyo nadhani ilikuwa ya huruma.

Mwanga niliupatia jikoni kwa shangazi, Kibokoni. Nilikuwa nakuna papai bichi la kulainishia mishkaki, akanikemea: "Tia kidogo! Likizidi, nyama yavurugika." Nikamuuliza kwa nini. "Si wewe ndiye usomaye?"

Basi nikasoma. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papeini, kazi yake kukata protini. Kumbe mwaka 1959 Mwingereza Rodney Porter aliitumia papeini hiyo hiyo kukata kingamwili za sungura! Akapata vipande vitatu: viwili vyanasa antijeni, yaani kile kitu kigeni ambacho kingamwili hukishika, cha tatu hakinasi kitu, ila kiliganda kikawa fuwele. Mwaka 1972 yeye na Gerald Edelman wa Marekani wakapewa Tuzo ya Nobel.

Usiku ule nilichukua kamba ya kuanikia nguo, nikakata vipande vinne. Virefu viwili ni minyororo mizito ya kingamwili, kila mmoja kama asidi amino 450, zile punje zinazojenga protini. Vifupi viwili ni miepesi, karibu nusu ya hapo. Madaraja ya salfa, yaani viungo vinavyoshikanisha minyororo, nikayafanya kwa pini za mtandio: moja kila mkono, kushika kifupi na kirefu, na mbili pale panda inapogawika, kushika virefu viwili. Ncha za mikono nikazipaka hina, maana hapo ndipo kingamwili moja inapotofautiana na nyingine, kisha kila ncha ya kamba nikaifunga vitanzi vitatu. Vitanzi hivyo ndivyo vinavyoigusa antijeni.

Nikashika mkasi. Nilipokata juu ya zile pini mbili, vilianguka vipande vitatu, kama vya Porter. Nikaunga tena, nikakata chini yake, kama ifanyavyo pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Mikono miwili ikabaki imeshikana! Tofauti hiyo nilikuwa naisoma tangu muhula uanze, ikinipita tu.

Kwenye mtihani nilichora hadi pini.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa mkasi, shangazi alisimama uani na beseni la nguo mbichi. "Mwanangu, kamba yangu i wapi?"